Mwamba ngoma wako umeshiba, mama

Mama Kulwa wa Buswelu, hapa Mwanza, ameniandikia. Nimeifupisha kidogo barua yake:

"Shikamoo mzee. Nina mwamba ngoma mbele ya baraza, huu mwaka wa tano. Baba mkwe alinipa gogo kutoka kwake Magu, tukalichimbia, likashika. Nimeutunza kama mtoto: samadi kila mwaka, jioni naumwagilia pamoja na ukoka, na mwezi wa saba fundi huja kuupogoa usiguse bati. Majani yamejaa mpaka barazani kuna giza, lakini ua hata moja sijaliona. Wa baba mkwe umesimama kwenye mawe nyuma ya zizi, hakuna anayeuangalia, na kila Agosti unawaka mwekundu. Baba Kulwa anasema wangu ni dume, tuukate tupande mkrismasi. Na jirani ananitisha kuhusu mbegu zake na watoto. Nifanyeje?"

Marahaba mama. Kwanza mwambie Baba Kulwa arudishe panga stoo. Mwamba ngoma hauna dume na jike kama mpapai. Kila ua lake lina sehemu za kiume na za kike humohumo. Mti wako si dume, si mgonjwa, wala hujarogwa. Umeshiba tu. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua, pale uliposema wa baba mkwe hakuna anayeuangalia.

Tuhakikishe kwanza tunazungumzia mti mmoja, maana majina ya miti hubadilika ukivuka mto tu. Ninaousema mimi kitaalamu ni *Erythrina abyssinica*. Jani lake lina vijani vitatu vipana kama jani la maharage lililokuzwa, matawi yana miiba mifupi iliyopinda, na gome la mti mkubwa ni nene, limepasukapasuka, ukilibonyeza kwa kucha linabonyea kama kizibo cha chupa. Mbegu ni nyekundu zenye jicho jeusi. Kama wako uko hivyo, endelea kusoma. Jina lake linatokana na kuwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya ngoma na kuikaza. Mbao yake ni nyepesi na laini kuchonga, ndiyo maana wachonga ngoma na vigoda waliupenda. Wazee husema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na naona ndicho mnachofanya wewe na Baba Kulwa hapo barazani.

Sasa lile gome. Halikuwekwa kwa urembo. Huu ni mti wa nchi ya nyasi ndefu, yenye msimu wa mvua, msimu wa jua kali, na moto unaopita chini karibu kila mwaka. Gome ni koti la kuukinga moto. Na mwenendo wake wote umefuata maisha hayo. Masika yakikatika, mti unaacha kuyalisha majani; yanageuka manjano na kudondoka, na akiba ya chakula inabaki kwenye shina na mizizi. Ukishakuwa mtupu ndipo unatoa matumba kwenye ncha za matawi. Maua kwanza, majani baadaye, mvua za vuli zikikaribia.

Mti una akili hiyo kwa sababu ya mgeni wake. Ua la mwamba ngoma halina harufu ya kusifia. Halimwiti mtu kwa pua, linaita kwa macho, na linayemwita hasa ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Chozi anaona wekundu kutoka mbali pale ambapo hakuna jani la kuuficha, anakuja kunywa asali ya maua, anaondoka na chavua usoni. Nyuki nao hufika, lakini karamu ni ya ndege. Mti uliojaa majani mwezi wa nane ni kama duka lililofungua milango ya nyuma.

Huku kwetu mti hauna alama nyingine ya kuuambia kwamba msimu umegeuka. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, hivyo siku hazifupiki wala kurefuka kwa kiasi cha maana, na baridi ya kuushtua hatuna. Alama kubwa iliyobaki ni ukavu wa Juni mpaka Septemba. Wewe, kwa mapenzi yako na mpira wa maji kila jioni, umeufuta ukavu huo. Kwa mwamba ngoma wako ni masika mwaka mzima, na wakati wa masika kazi ya mti ni kuotesha majani.

Nikwambie yaliyonipata, usije ukadhani nakucheka. Nyumbani kwangu Nyegezi nilichimbia magogo mawili siku moja, yote kutoka mti mmoja. La kwanza nililiweka karibu na tangi la maji, mahali pazuri, ili wageni walione. La pili nilikosa pa kuliweka, nikalisukumia kwenye ufa wa mwamba upande wa juu, ambako mpira haufiki. Mwaka wa tatu lile la mwambani likachanua. Lile la tangini likapita bati, jani kama sahani, ua hakuna. Nililiongezea samadi. Nikaliongezea tena. Mwaka wa sita bili ya maji ilinishinda, nikamwita fundi akabadilisha koki ya tangi iliyokuwa ikidondosha usiku na mchana. Nia yangu ilikuwa bili, mti sikuufikiria kabisa. Kiangazi kilichofuata ukapukutisha majani yote, nikajua umekufa, na mwishoni mwa Julai ukatoa maua. Nimesomea misitu, nina cheti ukutani, na somo hili nimefundishwa na koki.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni maji. Naandika haya masika yakielekea ukingoni, wakati wenyewe ndio huu. Mvua zikishakatika, usiupe mti huo tone mpaka vuli. Mti wa miaka mitano uliotokana na gogo una mizizi ya kutosha, hautakufa. (Mche wa mwaka wa kwanza au wa pili ni habari nyingine, huo mpe maji kidogo mara moja kwa wiki mpaka ukomae.)

Shida yako ni ukoka. Ukisema huumwagilii mti lakini unaumwagilia ukoka ulio chini yake, umejidanganya, maana mizizi imetawanyika kupita mwisho wa kivuli. Ng'oa ukoka wote ulio chini ya matawi, mahali pake mwaga kokoto au acha majani yake yenyewe yaoze pale. Halafu upande huo wa bustani uache ukauke Julai na Agosti. Utakuwa wa kahawia, utaona aibu wageni wakija. Ukoka haufi kwa hilo. Vuli ikinyesha siku tatu unarudi.

Utakapoona majani ya mti yanageuka manjano, usiingiwe na huruma. Jirani atasema unakufa. Baba Kulwa ataanza kunoa panga. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha: chini yake kukiwa na ubichi wa kijani, mti uko salama, umevua nguo tu.

Hatua ya pili ni samadi: acha kabisa. Mwamba ngoma ni wa jamii ya kunde. Ng'oa mche wa maharage shambani utazame mizizi, utaona vinundu vidogo. Ukikipasua kimoja kizima, ndani kina rangi ya waridi. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuupa mmea. Mwamba ngoma nao una vinundu vyake. Ni mti unaojipikia mbolea yake, na wewe unauletea sahani nyingine ya mbolea ileile inayokuza majani. Samadi hiyo ipeleke kwenye mchicha.

Udongo wa Buswelu nao usikutie wasiwasi. Wateja wengi huniambia "kwangu ni luseni tupu na mawe", kana kwamba wananiomba msamaha. Mchanga huu unaotokana na miamba yetu unapitisha maji haraka, na mwamba ngoma ndicho unachotaka. Mzizi wake unapenya kwenye ufa wa jiwe ambako sululu imegoma. Pabaya ni kule bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako maji hutuama wiki nzima. Huko gogo huoza kabla halijatoa chipukizi. Kama una kidimbwi karibu na shina mvua zikinyesha, chimba mfereji mdogo maji yaondoke.

Sasa fundi. Hapa ndipo nilipotaka kupiga kelele nikisoma barua yako. Nimesema matumba hutoka kwenye ncha za matawi. Mwezi wa saba, mti unapojiandaa kuyatoa, fundi wako anapanda na panga kukata ncha zote ili zisiguse bati. Hata kama ungeacha maji na samadi, kwa mpogoo huo usingeona ua. Pengine mti umejaribu kila mwaka, na kila mwaka unanyolewa wiki mbili kabla ya harusi.

Mwaka huu usiukate. Tawi linalogusa bati lifunge kwa kamba ulivutie pembeni, au mvumilie kelele zake usiku. Pogoa baada ya maua kuisha, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijakaa sawasawa, maana mbao yake laini huoza kirahisi kidonda kikiloa kila siku. Na usiunyoe kwa juu kama ua wa michongoma. Mwambie fundi achague tawi zima linaloelekea nyumbani alitoe kutoka shinani kwa msumeno, mengine ayaache na ncha zake. Avae glavu, miiba ile haina adabu.

Jua je? Hukusema baraza linatazama wapi. Mwamba ngoma uliobanwa kati ya ukuta na mwembe hauchanui vizuri. Kama kuna mwembe unaoufunika, basi mwembe ndio upunguzwe.

Kuhusu ukuta. Mpaka leo sijaona msingi wa nyumba uliopasuliwa na mwamba ngoma, na nimeiona mingi iliyopasuliwa na miti mingine. Lakini matawi yake ni mepesi na huvunjika, na unajua upepo wa ziwani vuli inapoanza, ule unaokuja na wingu jeusi kutoka upande wa visiwa. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wapande mita tano kutoka kwenye nyumba. Wako umeshapandwa, hauwezi kuhama. Lile tawi zima litakalotolewa upande wa bati ndilo litakalowapa usalama.

Kuna wakati majani machanga yatajikunja na kuvimba vinundu, ukadhani ni ukoma. Ni nyigu wadogo sana, wadogo kuliko sisimizi, wanaotaga ndani ya jani. Usikimbilie dawa ya kunyunyiza. Nyigu wa namna hii waliingia Hawaii mwaka 2005 wakaiangamiza miti ya wiliwili, ambayo ni ndugu wa mwamba ngoma. Watafiti wakaja Afrika kumtafuta adui wa nyigu huyo, na Tanzania wakampata nyigu mwingine, *Eurytoma erythrinae*, ambaye mabuu yake hula mabuu ya hao wanaotaga. Mwaka 2008 akaachiwa Hawaii. Yaani mlinzi aliyesafirishwa kuvuka bahari mbili yupo huku kwetu bure. Ukipiga dawa unamuua yeye pia.

Jirani yako kuhusu mbegu amesema kweli, ila nusu. Mbegu za mwamba ngoma zina sumu inayolegeza misuli, na ikizidi mtu hushindwa kupumua. Kinachookoa wengi ni ganda la mbegu, gumu kama jiwe. Mtoto akiimeza nzima mara nyingi hutoka ilivyoingia. Hatari ni iliyotafunwa, iliyosagwa, au iliyotobolewa kwa sindano ya moto ili itungwe shanga, kwa sababu tundu limeshalivunja lile ganda. Kwa hiyo usiwatungie Kulwa na Doto bangili za mbegu hizi hata kama zinapendeza, na zinapendeza kweli. Maganda yanayobeba mbegu mtini ni ya kahawia, yana manyoya, yamebanwa kati ya mbegu na mbegu. Yakianza kupasuka yakusanye kila siku mbili, mbegu ziweke kwenye kopo juu ya kabati. Mtoto akitafuna, msisubiri dalili wala kumpa maziwa na kungoja, mpelekeni hospitali na mbegu moja mkononi waione. Kuna pia mmea mtambaazi wenye mbegu ndogo zaidi, nyekundu zenye doa jeusi, unaopanda kwenye nyua. Sumu ya huo ni kali mno. Huo ukiuona ung'oe.

Na wale watakaokuja kuomba gome la dawa, waambie hapana kwa upole. Mmoja akipewa kipande, wiki ya pili mti umechunwa kuzunguka shina lote, na hapo hakuna koki ya kuukomboa.

Nije kwa Baba Kulwa. Mkrismasi ni mti mzuri, siwezi kumpinga hilo. Barabara nyingi za Mwanza zinapendeza Desemba kwa sababu yake. Asili yake ni Madagaska, na umbo lake ni mwavuli: hautaki kwenda juu, unataka kutanuka, na mti mmoja mzima hufunika mita kumi bila shida. Mizizi yake minene hutembea juujuu ya ardhi. Kiwanja cha Buswelu chenye nyumba, choo, tangi na banda la kuku kitaumezaje? Baada ya miaka minane mtakuwa mmepanda ugomvi na jirani wa kulia na wa kushoto. Kama anachotaka ni mti wake mwenyewe wa kujivunia, apande mlundalunda upande wa geti. Nao ni wa kwetu, mdogo, na mwishoni mwa kiangazi hutoa maua ya manjano kabla majani hayajajaa, kisha maganda marefu kama fimbo. Njano getini na nyekundu barazani, ugomvi umekwisha. Huo hauoti kwa gogo, auanzishe kwa mbegu.

Matawi yatakayokatwa Oktoba msiyachome. Chagua yenye unene wa kifundo cha mkono, kata vipande vya mita moja na nusu hivi, vilaze kivulini siku nne tano mpaka utomvu wa kidonda ukauke. Ukivichimbia vibichi siku hiyohiyo, vingi vitaoza. Shimo la goti linatosha, lisiwe na samadi, udongo ushindiliwe, na upande uliokuwa chini mtini ubaki kuwa chini. Fundi mmoja alinichimbia kumi kichwa chini miguu juu. Vilitoa machipukizi, vikajuta. Mchwa ndio adui mkubwa wa gogo lililokauka kabla ya kushika, kwa hiyo pakague kila wiki, ukiona tope limepanda kwenye gome liondoe kwa kijiti na umwage majivu.

Ukitaka kuanzia mbegu, ukwaruze upande usio na jicho jeusi kwa msasa au nail-kata mpaka weupe wa ndani uonekane kidogo, loweka usiku mmoja, panda kwenye kiriba. Mbegu iliyovimba huota ndani ya siku kumi hivi. Isiyokwaruzwa inaweza kukaa kimya mpaka umeisahau. Uchanuaji wa mti wa mbegu huchelewa kuliko wa gogo, kwa hiyo mwenye haraka achukue gogo.

Usitarajie makubwa mwaka huu. Akiba ya samadi bado imo udongoni, na mti uliozoea kula hausahau kwa kiangazi kimoja. Huenda ukapata mashada machache upande wa juu unaopigwa na jua. Mwaka wa pili ndio wa kuuhukumu.

Agosti, asubuhi kabla ya chai, simama barazani utazame ncha za matawi ya juu. Tumba likianza haliwi jekundu; linafanana na kidole kilichovikwa manyoya ya kahawia, na mtu asiyelijua hudhani ni ugonjwa au funza. Ukiliona, ngazi isiegemezwe upande huo, na mpira wa maji uufiche mwenyewe mahali ambapo hata wewe utaona uvivu kuufuata. Maganda yakipasuka niwekee kikombe kimoja cha mbegu. Kitaluni zimeniishia tangu Januari.